Mashine ya Kusemea ya Marjut

Ilpo Kettukangas hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mlevi au mpiga mke ningemsema nikamaliza, nikaenda zangu. Lakini alikuwa mtu mwema, fundi wa kompyuta ambaye mji mzima wa Oulu, kule kaskazini mwa Finland, ulimjua, na mkewe Marjut alimpenda mpaka mwisho. Labda bado anampenda. Nani atajua sasa?

Marjut alishikwa na ule ugonjwa unaozima misuli mmoja baada ya mwingine. Ulianza na mkono, akawa anaangusha vikombe. Ikafuata miguu, kisha ulimi. Na huyu alikuwa mwanamke wa maneno, jamani, mwalimu wa historia, mtu wa kubishana na redio huku akichambua matunda ya msituni jikoni kwake. Alipoambiwa ulimi nao unaondoka, alikaa majira yote ya kuchipua akisoma sentensi mbele ya kinasa sauti, kusudi sauti yake isipotee. Baadaye hospitali ikampa mashine ya kusemea: kishikwambi kinene chenye kamera chini ya skrini. Kamera hufuata macho. Ukiitazama herufi, inaandikwa. Ukimaliza sentensi, mashine inaisema kwa sauti yako mwenyewe. Kwa mwaka mzima Marjut, amelala kitandani hawezi kuinua kidole, aliendelea kubishana na redio.

Halafu kampuni iliyotengeneza mashine ikafilisika. Kumbe mashine ile, kila mwezi, ilikuwa inaomba ruhusa kwenye kompyuta kuu ya kampuni kabla haijawaka. Septemba ikaomba, hakuna aliyejibu, ikajifunga. Hospitali wakasema wataagiza nyingine ya aina tofauti, lakini foleni ni ndefu, labda majira ya joto mwakani.

"Majira ya joto," alisema Airi, dada yake Marjut, aliyekuja kila siku kumwosha na kumlisha. "Hao watu wanajua anaumwa nini kweli?"

"Usihangaike, shemeji," Ilpo akamjibu. "Mashine yenyewe nzima. Kilichokufa ni mfumo endeshi wao. Nautoa huo, naweka Linux, mfumo ulio wazi ambao yeyote anaweza kuusoma. Mashine haijali nani kaitengeneza, ikipata wa kuielewa itafanya kazi."

Na haki yake apewe, wiki haikuisha. Mashine iliyoundwa kwa mfumo wa watu wengine ikawaka na mfumo wake yeye. Skrini ikakubali, spika ikakubali, na sauti ya Marjut, ambayo Ilpo alikuwa ameitunza kwenye diski yake, ikasema "habari za asubuhi" sebuleni kama zamani. Airi alilia. Marjut mwenyewe, kitandani karibu na dirisha, aliinua macho juu, na kwake hiyo ilikuwa na maana ya ndiyo.

Kilichobaki ni kamera, na bila kamera mashine ni redio tu. Kamera ile ilikuwa ya kampuni, ina akili yake ndani, na kila inapowashwa inataka kulishwa faili fulani. Bila faili hilo ni kipande cha kioo.

Hapo ndipo alipokuja Rauno. Rauno na Ilpo ni marafiki wa chama cha kompyuta, kile kinachokutana kwenye ghala la chini ya ghorofa, na Rauno aliwahi kuajiriwa na kampuni ile iliyokufa. Alikaa jikoni, akala mkate mtamu wa iliki vipande viwili, kisha akatoa flashi mfukoni akaiweka mezani.

"Faili lenyewe hilo. Chomeka, na jioni hii mkeo anaongea."

Ilpo hakuigusa. "Umelisoma ndani?"

"Halisomeki, limefungwa. Lakini linafanya kazi."

"Hata mashine ilikuwa inafanya kazi. Mpaka siku waliyoifunga."

Inabidi uwajue watu wa chama kile. Wengine wana mwiko wa nyama, wao wana mwiko wa programu isiyofunguka. Kitu ambacho huwezi kukifungua ukakisoma mwanzo mpaka mwisho hakiingii kwenye mashine yako, hata kwa dawa. Ilpo alikuwa amelihubiri hilo miaka na miaka, amegombana na mabosi kwa ajili yake, na pale chamani walimwita Askofu. Na safari hii, mniamini, hakuwa na ubishi wa bure tu. Alikuwa na hasira. Watu wasiomjua mkewe walikuwa wamemkata ulimi mara ya pili kwa kitu kilichofungwa, na yeye leo akiweke kitu kilichofungwa tena, kwa mkono wake?

"Askofu," Rauno akasema taratibu, "dhambi hii nitaibeba mimi. Wewe weka tu."

"Nipe wiki mbili. Nitaiandikia kamera programu yangu, kila mstari nikiujua."

Airi alikuwa amesimama kando ya jiko. "Weka hilo la Rauno leo. Lako likiiva utalibadilisha. Kuna ubaya gani?"

"Nikiliweka leo sitalitoa tena, shemeji. Najijua. Halafu siku moja nalo litagoma, na tutarudi hapa hapa."

"Basi tutarudi hapa hapa akiwa ameongea."

Ilpo akamrudishia Rauno flashi yake. Na Marjut je? Mlango ulikuwa wazi, kitanda kiko hatua chache tu, anasikia neno kwa neno. Hakuna hata mmoja wao aliyekwenda kumuuliza. Kila nikifika hapa nashindwa kuvumilia. Watu watatu wazima, wanabishana juu ya ulimi wa mtu, na mwenye ulimi yuko hapo.

Kwa hiyo wakabaki na ubao wa herufi. Ni plastiki inayopitisha mwanga, imeandikwa herufi. Unaishika kati ya uso wako na uso wa mgonjwa, unafuata macho yake, unataja herufi, naye anainua macho ukipatia. Kazi ya subira. Airi alikuwa nayo, wakaelewana na dada yake kuhusu mto, kiu, na majirani. Ilpo hakuwa nayo. Herufi ya tatu tu, yeye ameshabahatisha neno zima.

Jioni moja ya Oktoba, Airi ameshaondoka, Marjut alimkazia mumewe macho mpaka akauchukua ubao. Wakaanza. Wakafika mahali Ilpo akasema, "Unataka kuniambia kitu?"

Macho juu.

"Ningoje Airi kesho atusaidie?"

Macho yakabaki chini, yamemkazia. Hapana.

"Cha peke yangu. Kirefu?"

Macho juu, na yakakaa huko.

Ilpo akamshika shavu. Alikuwa amechoka, na alikuwa amefurahi pia, kwa sababu asubuhi ile kamera ilikuwa imejibu kwa mara ya kwanza, namba chache tu lakini imejibu. "Basi usijitese na plastiki hii, mke wangu. Kitunze hicho unachotaka kusema. Karibu namaliza. Utaniambia kwa sauti yako mwenyewe, nami nitakaa hapa nisikilize mpaka mwisho."

Akauweka ubao dirishani. Marjut akautazama ubao, akamtazama yeye, akautazama tena ubao. Ilpo alikuwa ameshageuka kwenda kwenye meza yake.

Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukazaa mwenzake. Jua likawa la kuchungulia tu adhuhuri kisha linakwenda zake. Ilpo aliibembeleza kamera namba kwa namba. Leo inatoa picha, kesho picha imepinduka, keshokutwa haioni kitu. Rauno alipiga simu mara mbili kuuliza kama wameshabadili mawazo, mara ya tatu hakupiga.

"Shemeji, macho yake yanachelewa siku hizi," Airi alimwambia mwishoni mwa Novemba. "Neno moja tu linatuchosha wote wawili. Mengine nakisia."

"Ndiyo maana nakimbia. Ubao unamchosha. Mashine ina subira kuliko mimi na wewe."

Wiki ya kabla ya Krismasi, kamera ikaamka. Ilpo alikaa mbele ya skrini na kidoa chekundu kikawa kinamfuata macho, kushoto, kulia, juu, kinatua kwenye herufi na kutulia. Hakuna faili la mtu humo. Kila mstari ulikuwa wake. Alicheka peke yake chumbani, akanyoa ndevu, akavaa shati safi. Ndiyo, alivaa shati safi kwenda kuongea na mkewe.

Akaifunga mashine kwenye mkono wake wa chuma juu ya kitanda, akavuta kiti. "Haya, Marjut. Nimekaa. Niambie."

Kidoa kikatokea katikati ya skrini. Kikakaa hapo hapo. Kikatetemeka kidogo, kikateleza hadi pembeni, kikaishia hapo.

"Ni vipimo," Ilpo akasema. "Subiri nivirekebishe."

Akavirekebisha. Siku ile, na iliyofuata, na nyingine. Akabadilisha taa ya chumbani. Akasoma programu yake yote upya akitafuta kosa, kwa sababu watu hawa, kitu kikikataa, wanajua jambo moja tu, kwamba kuna kosa mahali, na kosa huwa linapatikana. Kwake yeye mwenyewe mashine ilifanya kazi. Kwa Marjut, kidoa kilisinzia pembeni.

"Ilpo," Airi akamwita, na safari hii hakusema shemeji. "Si mashine. Ni macho yake. Ugonjwa umefika huko. Jana nimemuuliza kama ana kiu, nikangoja, nikangoja, sikupata ndiyo wala hapana."

"Kuna kosa kwenye programu yangu."

"Ilpo."

"Nitakuonyesha," akasema, na akampigia Rauno simu. "Lile faili. Lete."

Rauno alikuja na theluji mabegani. Airi akawasha birika la kuchuja kahawa ili mikono yake ipate kazi. Rauno akachomeka flashi, akaandika mistari miwili, akazima, akawasha. Kamera ikaamka mara moja, kidoa kimetulia, chepesi, kizuri kuliko cha Ilpo mara kumi. Kahawa ilikuwa bado inachuruzika.

Ilpo akaangalia birika. Akamwangalia Rauno. "Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu," Rauno akasema, na akatazama viatu vyake.

Wakaipeleka kitandani. Kidoa kikatokea katikati, kikatetemeka, kikateleza pembeni, kikaishia hapo.

"Kaa hapa wewe," Ilpo akamwambia Airi. "Nione kwa mtu mwingine. Andika chochote."

Airi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaigeuza skrini kwake. Herufi zikaandikwa moja moja, bila kusita. Ilpo alikuwa ameinama anakagua waya nyuma ya mashine wakati sauti ya Marjut, ile ile ya darasani, ile ya kubishana na redio, iliposema wazi chumbani:

"Ilpo, inatosha."

"Nini, mke wangu?" Ilpo akajibu, akainuka haraka, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sitaki kuiona kwa mtu yeyote.

Airi alikuwa amejifunika mdomo kwa viganja. "Ni mimi," akasema. "Nisamehe. Ni mimi niliyeandika."

Ilpo akasimama pale. Kisha akazunguka, akakaa kwenye kile kiti alichokivuta siku ya shati safi, akauchukua mkono wa mkewe. Macho ya Marjut yalikuwa wazi, yameelekea darini. Masikio yake, daktari aliwaambia, yatasikia mpaka siku ya mwisho.

"Ulitaka kuniambia nini, Marjut?" akauliza, na akakaa kimya kusikiliza, kama alivyokuwa amemuahidi.