Wa Kwanza Yuko Wapi?

Barua ya kaka yangu Nderitu ilifika Kiganjo Agosti 1964, ikitoka chuo kimoja cha Ohio. Nilimsomea mama saa sita mchana, amekaa jikoni akimenya viazi.

Nderitu alikisifu chuo chake mpaka nikaona wivu. Ati huko mwanafunzi humbishia profesa, na profesa hufurahi, kisha wanaingia maktaba kutafuta pamoja. Mimi nafundisha darasa la nne. Mtoto akinihoji namkodolea macho tu, anakaa. Ndivyo nilivyolelewa.

Halafu barua ikageuka. Nderitu alikuwa ameandika insha juu ya majina yetu: mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, kama yeye. Profesa akaisoma, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Wewe una jina la babu mzaa mama. Wa kwanza yuko wapi?"

Babu mzaa baba aliitwa Theuri, na nyumbani kwetu hapakuwa na Theuri mwingine. Kijiji kizima kinajua mpango wa majina, na hakuna aliyewahi kuuliza, hata mimi mwalimu.

Kisu cha mama kilisimama. "Hiyo shule iko na maneno mingi," alisema.

"Mama, wa kwanza alienda wapi?"

Kichakani, chini ya shamba, perere akalia, yule mnyama mdogo wa mitini mwenye sauti ya mtoto. Nimemsikia tangu utotoni. Lakini perere hulia usiku, na jua lilikuwa utosini.

"Theuri alishikwa na homa," mama alisema. "Zamani mtu hakuachwa afie ndani ya nyumba. Babu yako akambeba, akamweka kule kichakani." Alifuta machozi kwa mkono wenye maganda. "Mwanangu Warigia, alikuwa bado anapumua. Na mimi nikanyamaza."

Kilio kikakatika. Mama akainuka, akafungua mlango wote, akaita, "Theuri! Kuja nyumbani, baba."

Sikuona mtu akiingia. Ila nyuma ya kiti changu, karibu na moto, nikasikia pumzi ndogo za haraka, za mtoto mwenye homa. Niliogopa kugeuka. Mama alivua leso yake, akaitandika pale chini.

Nikachukua kalamu nimjibu Nderitu. Niliandika mstari mmoja tu: mwambie profesa yuko nyumbani, na bado anapumua.