Shule ya Ng'ambo ya Daraja

Nubia aliichagua shule ya ng'ambo ya daraja kwa sababu walimu wake walikuwa bado hawajalikimbia jiji la Guayaquil na magenge yake. Lakini mtaa ule ulikuwa wa genge jingine, adui wa lile la mtaani kwao. Asubuhi ya kwanza kijana mmoja wa genge hilo alimzuia Nubia na bintiye Yesenia darajani, akamshika mtoto nywele.

"Mama, huku si kwenu."

Nubia akampiga usoni kwa chupa ya chuma. Kijana akatema jino, akachomoa bastola, na kwa kitako chake akampasua Nubia paji la uso. Wauza samaki walipokuja mbio na visu, akatoroka.

Jioni mumewe alisema, "Basi asome hapa mtaani."

"Hapa ndipo walipomuua kaka yako," Nubia akajibu, uso umevimba. "Tunahama."

Kesho yake walipanda basi la kwenda mji wa Cuenca. Yesenia alilala njia nzima ameng'ang'ania sketi ya mama yake.