Shanga Nyeupe Kati ya Sahani Mbili

Kwa vijana wa darasa la kumi na mbili pale Kashikishi, Méschac alikuwa mwalimu wa mapenzi. Hakuna aliyemteua, alijiteua mwenyewe kwa mdomo wake. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa wakimbizi wa kambi ya Mantapala aliyekaa kwa shangazi yake siku za shule, na kwa kuwa kila likizo alivuka ziwa kwenda Pweto na mjomba wake kununua samaki, wenzake walidhani ameona mengi huko. Basi akawaambia ameona. Akawaletea binti wa Pweto anayeitwa Aurélie, mrembo ajabu, ambaye walikuwa wamejuana kabisa kabisa. Wenzake wakameza mate. Maskini Aurélie, hakuwahi kuzaliwa, lakini darasani alikuwa na wapenzi wengi kuliko binti yeyote aliye hai.

Aliyeamini kuliko wote alikuwa Goodson, rafiki yake wa dawati moja, kijana mwenye moyo mweupe ambaye ungeweza kumwuzia maji ya ziwa akashukuru. Kila Jumatatu aliuliza habari za Aurélie, na kila Jumatatu Méschac alipaswa kutunga mpya. Kazi hiyo ilimchosha kuliko hesabu.

Sasa, Goodson alilelewa na bibi yake, Bamama, mwanamke aliyeuza samaki pande zote mbili za ziwa mpaka Kiswahili kikamkaa mdomoni kama Kibemba. Katika nyumba hiyo hiyo alilelewa binamu wa Goodson, msichana aitwaye Mwamba, wa miaka kumi na minane, naye wa darasa lao hilo hilo. Mwamba alitaka kuwa muuguzi. Alisoma bayolojia huku akianika dagaa, wale wanaoitwa chisense, kitabu mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika kandambili ya kufukuzia kunguru. Méschac alikwenda kusaidia kuanika karibu kila jioni baada ya shule. Alikuwa akiongea habari za mvua, za mitihani, za bei ya baiskeli. Kwa Mwamba, mwalimu wa mapenzi alikuwa bubu. Alimpenda, tuseme hivyo hivyo, maana yeye mwenyewe hakuweza kusema.

Wiki moja Bamama alimpa Méschac sahani ya samaki ampelekee mama yake. Mama huyo, Mama Jeanine, alifurahi, na Jumapili kijana alipokuwa anarudi shuleni, akampa sahani imeoshwa pamoja na mfuko wa karanga, kwa sababu kwao sahani ya mtu hairudi peke yake. Hapo ndipo Méschac alipopata akili, au alipopotewa nayo. Mama yake alikuwa akitunga shanga za kuuza. Kijana akamwomba uzi mmoja wa shanga nyeupe, akauweka juu ya sahani ya Bamama, akaufunika kwa sahani nyingine na kufunga zote kwa kitambaa. Alijua kwamba katika nyumba ile vyombo huoshwa na Mwamba. Atafungua, ataziona, ataelewa, na Méschac hatalazimika kufumbua mdomo.

Mpango ulikuwa mzuri mpaka Goodson alipotokea njiani, akamkuta Méschac anakokota baiskeli.

"Leta nikubebee," akasema Goodson, "weye shika kinga na karanga zako."

Goodson akatangulia, akaingia uani, na kama alivyolelewa, akapiga magoti mbele ya bibi yake na kuziweka sahani chini. Siku hiyo mjomba wao Ackson, mvuvi wa kisiwa cha Chisenga, alikuwa amekuja kuwasalimu. Mwamba alikuwa pembeni akimenya mihogo. Bamama akafungua kitambaa, akainua sahani ya juu.

Goodson akatazama shanga, akatazama magoti yake mwenyewe, akaruka kama aliyekalia siafu.

Méschac alisimama mlangoni na kinga yake, yaani baiskeli, mkononi, haelewi. Kwao shanga ni shanga. Lakini kwa watu wa nyumba ile, shanga nyeupe kati ya sahani mbili, zilizoletwa na mtu mwingine kwa niaba yako naye amepiga magoti, zina jina: ni insalamu. Ndivyo mtu anavyoomba mke.

"Ni za nani?" Ackson akauliza.

"Ni ya Méschac, Bayama," Goodson akajibu kwa sauti ndogo, akimwita mjomba kwa heshima ya kwao. "Miye nilibeba tu."

Ackson akamgeukia Méschac. "Kijana wa shule haletake insalamu mbio mbio hivi bila sababu. Huyu mutoto umemufanya nini?" Kisha akamwambia Bamama kwamba kama mambo yameshaharibika, Mwamba abaki nyumbani. Mitihani ya Oktoba ingoje wakubwa waongee. Kisu cha Mwamba kikasimama katikati ya muhogo.

Goodson, aliyetaka kumwokoa rafiki yake, akasema, "Bayama, haiwezekani. Huyu iko na copine, mupenzi wake, ku Pweto. Ile mambo yote ya mapenzi anajua."

"Anajua yote?" Ackson akasimama.

Méschac alikuwa na uongo tayari ulimini. Ulimi ule ulikuwa umezoea. Angesema shanga ni zawadi ya Bamama, na asingeumia sana. Lakini Aurélie angebaki, kijana anayejua yote angebaki, na kila mtu pwani ile angemtazama Mwamba na kuhesabu miezi. Alimwona Mwamba amelaza kisu, hamtazami yeye, anatazama kitabu cha bayolojia juu ya kigoda. Akaona aibu kubwa kuliko aibu aliyokuwa anaikimbia.

Akaweka karanga chini, akapiga magoti.

"Bayama, Aurélie hakuna," akasema. "Ni bongo yangu, uongo tu. Nilimutunga juu bandugu baniheshimu. Miye sijapata kushika ata mukono ya binti. Sijui kintu. Shanga ni ya Mwamba, juu ninamupenda, na nilificha mu sahani juu naogopa kumupatia. Desturi yenu sikujua. Mwamba hana kosa. Muache aandike mitihani."

Bamama alianza kucheka chini chini, halafu akashindwa, akajipangusa macho kwa ncha ya kitenge. Ackson hakucheka.

"Na weye?" akamwuliza Mwamba.

Mwamba akanawa mikono bila haraka. Akasimama wima, kidevu juu.

"Amesema kweli, Bayama. Na miye sijui kintu, na sina haya. Mu Oktoba nitaandika mitihani, na kisha nitaenda kusoma uuguzi. Shanga ninataka. Lakini sitaki ya kufichwa mu sahani. Anipatie mu mukono, hapa, wote muone."

Ackson akamtazama binti wa dada yake, akatazama kitabu kile juu ya kigoda. Kisha akakaa tena, na Bamama akazichukua sahani, akazitenganisha, na kumrudishia Méschac uzi ule. "Insalamu inaletwa na wakubwa, siku yake ikifika," akasema. "Leo ni mutoto tu ameleta zawadi."

Méschac akampa Mwamba shanga. Vidole vyao viligusana mbele ya bibi na mjomba na binamu, mchana kweupe, na shanga zikalia. Hakujali. Hakuwa amewahi kujivunia kitu namna ile.

Njiani kwenda kwa shangazi yake alikopanga, Goodson alimsindikiza Méschac, amenuna.

"Donc, ni kusema Aurélie hakuna?"

"Hakuna."

"Nilianza kumuzoea," Goodson akasema. Wakatembea kidogo. "Na ule binti wangu wa kule Puta, ule nilikuambia?"

"Hakuna?"

"Hakuna."

Wakacheka mpaka wakakaa kando ya barabara.

Jumatatu habari ilikuwa imefika darasani kabla yao. Kashikishi habari haihitaji nauli. Vijana walimzunguka Méschac, wakimwuliza Aurélie hajambo, mwalimu wetu amefukuzwa kazi, ni kweli hajui kitu?

"Ni kweli," Méschac akasema. "Sijui kitu." Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka dirishani.

Mwamba, ambaye siku zote alikaa mbele, akachukua daftari lake, akapita kati ya madawati mpaka nyuma, na kusimama mbele ya Goodson.

"Hama," akamwambia.

Goodson akahama. Mwamba akakaa hapo karibu na Méschac, akafungua bayolojia ukurasa wa moyo wa binadamu, na kumwambia amwulize maswali.