Ng'ombe Aliyetangulia Jeneza la Osbert

Mimi napika pombe ya shayiri hapa Thornhelm, na mpika pombe husikia maungamo mengi kuliko padri yeyote. Kwa hiyo asije mtu akanifundisha habari za watumishi wa Mungu. Nawajua kwa vikombe vyao.

Jirani yangu Osbert alipolazwa na homa ya kifua, kijiji kizima kilimwonea huruma mkewe, Hawise. Mtoto hawakujaliwa, na kashamba kao kalikuwa mawe matupu. Walichokuwa nacho ni ng'ombe mmoja wa maziwa, na jibini lake ndilo lililowavusha kila majira ya baridi. Sasa, desturi yetu ni hii: mwenye nyumba akifa, mnyama wake bora hutangulia jeneza mpaka lango la kanisa, na akishafika pale ni mali ya padri. Eti ni fidia ya zaka ambazo marehemu alisahau kutoa. Padri Ranulf hajapata kukutana na marehemu aliyekumbuka.

"Naondokewa na mume, na ng'ombe naye aende?" Hawise aliniambia akilia. "Nitakula nini, Emmot? Nyasi?"

Nikammiminia kikombe cha pombe.

Padri alikuja kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu mbele yetu majirani, lakini alipitia zizini kwanza. Nilimwona kwa macho yangu mawili akimpapasa ng'ombe kiwele. Hajamaliza sala zake, akaingia Ndugu Wystan, mtawa ombaomba wa kule mjini, aliyekula kiapo cha ufukara ila tumbo lake halijapata taarifa. Kwapani alibana kanzu kuukuu ya kijivu ya watawa.

"Osbert, ndugu yangu," alisema, "ukizikwa makaburini kwetu, umevaa kanzu hii, kule toharani, roho zinakosafishwa dhambi, utapita mbio tu. Wewe tuachie ng'ombe. Umekubali?"

Kichwa cha Osbert kilitikisika. Maskini, kilikuwa kikitikisika tangu asubuhi kwa homa.

"Amekubali!" Wystan akapaza sauti. "Nyote ni mashahidi!"

"Amekubali nini, we mwizi wa mayai?" Padri akafoka. "Huyu ni kondoo wangu!"

"Kondoo wako? Mbona unayemtolea macho ni ng'ombe?"

"Nyie mnamsamehe mtu dhambi kwa kipande cha nyama!"

"Bora mimi naomba hadharani. Huyo mtunza nyumba wako ana watoto watano, na wote wana pua yako!"

"Ni wapwa zangu!"

"Huna dada, Padri," nikasema mimi. Sikuweza kujizuia.

Osbert akakata roho katikati ya kelele zile, na hakuna hata mmoja wao aliyegeuka kumfumba macho. Hawise ndiye aliyemfumba. Hilo sijawasamehe mpaka leo.

Siku ya mazishi tulitoka na ng'ombe mbele, jeneza nyuma. Tulipofika njia panda, kushoto kanisani, kulia mjini, Ndugu Wystan alikuwa ametusubiri. Akadaka kamba ya ng'ombe. Padri akadaka pembe. Wakavutana, huyu huku, huyu kule, mpaka wabebaji wakachoka wakamtua Osbert kwenye matope.

"Marehemu ameusia!" Wystan akapiga kelele. "Watu hawa wameshuhudia!"

Padri akatuangalia mmoja mmoja, akaona kweli tulikuwepo. Akafikiri kidogo, kisha uso ukamng'aa.

"Mtu hawezi kuusia kisicho chake," akasema. "Ng'ombe huyu Hawise alikuja naye alipoolewa, akiwa bado ndama. Mimi ndiye niliyewafungisha ndoa mlangoni mwa kanisa, na ndama alikuwa pale. Naapa kwa mifupa ya watakatifu, ng'ombe huyu ni wa mke!"

"Amina!" tukaitikia wote, kwa nguvu.

Wystan naye akatabasamu, akaachia kamba polepole. "Amina kabisa. Ni wa mke. Basi si mnyama wa marehemu, na wewe Padri huna chako hapa. Umeapa mwenyewe."

Padri akaachia pembe. Hawise akaichukua kamba. Nilitamani kucheza ngoma palepale barabarani.

Lakini furaha yetu haikudumu. Padri akakumbuka kwamba mgongo unamuuma. Wystan akakumbuka mahubiri mahali fulani, akaanza kuikunja kanzu yake ya kijivu.

"Na mume wangu?" Hawise akauliza. "Mnamwacha kwenye matope?"

"Mgongo, binti yangu. Labda keshokutwa."

Hawise akafuta machozi. Nilidhani atawatukana, na ningemsaidia kwa moyo mmoja. Badala yake akasema kwa sauti ya kusikika:

"Sawa. Ng'ombe ni wangu, na nitamwusia nimtakaye. Siku nikifa, achukuliwe na yule atakayemzika Osbert leo, bila malipo, kwa heshima zote."

Mgongo wa Padri ulipona papo hapo. Mahubiri ya Wystan yakaahirishwa. Na kwa kuwa hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake, Osbert wetu alizikwa uani mwa kanisa, amevaa kanzu ya kijivu, Padri akiimba kichwani, mtawa akiimba miguuni, kila mmoja akitaka kumzidi mwenzake sauti. Kengele zilipigwa utadhani amekufa askofu. Hawise alilia sana, na ndani ya ule ushungi wake mweusi nikamwona anacheka pia. Nami nikalia naye.

Baadaye wale wawili wakamsogelea, wanatokwa na jasho.

"Kwani binti yangu," Padri akauliza kwa upole wa asali, "una miaka mingapi vile?"

"Thelathini, Padri."

"Naona umekonda," Wystan akasema. "Kifua hakikusumbui?"

"Mzima kabisa, Ndugu. Kwetu wanawake hatuna haraka. Bibi yangu mpaka leo anapanda ngazi kuchuma matufaha."

Wote wawili wakageuka wakamtazama ng'ombe, aliyekuwa akila majani ya makaburini bila wasiwasi.

"Hivi ng'ombe huishi miaka mingapi?" Wystan akauliza.

 Tulikwenda kwangu kunywa pombe ya matanga, na wao tukawaacha palepale.