Injini Iliyopashwa Moto

Shemeji yangu, mume wa dada, mtaani wanamwita Injinia. Hajasomea uinjinia popote. Jina alilipata kwa sababu gari lolote likifunguliwa boneti, kichwa cha kwanza kuingia ni chake na cha mwisho kutoka ni chake, na hapo katikati hakuna kilichotengenezwa. Ila mdomo, jamani! Mdomo ule ungefungwa magurudumu, mimi nisingehangaika kutafuta gari.

Na gari nilikuwa nalihitaji kweli. Nashona sare za shule. Kila nikikodi gari la kupeleka marobota shuleni, faida yote inaishia njiani. Basi nikajikaza, nikauza cherehani yangu kubwa, ile ya kudarizi, ili nipate gari la bei ya chini. Nikinunua bovu, nimeumia mara mbili: cherehani sina, gari sina.

"Niachie mimi," Injinia akasema. "Kuna mtu wangu ana gari. Limetembea sana, lakini limetembea kwa adabu."

Kwa adabu! Gari!

Tulifika asubuhi. Mwenye gari alikuwa anatusubiri getini, anachekacheka kama tumemletea posa. Gari limeoshwa, matairi yamepakwa dawa mpaka yanang'aa. Injinia akalizunguka, akapiga teke tairi moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Huo ndio ukawa ukaguzi.

Likawashwa. Likawaka mara moja, likanguruma taratibu.

"Unasikia, shemeji? Cherehani hiyo!"

"Cherehani nazijua, shemeji," nikamjibu, nikaweka mkono juu ya boneti. Moto. Dakika haijaisha tangu liwake, na tulikuwa tumeambiwa kabla ya hapo halijawashwa tangu jana.

Baba yangu aliendesha lori maisha yake yote, nami nimekulia kwenye kiti cha pembeni yake. Alikuwa hachoki kusema kwamba injini iliyochakaa usiiulize kitu ikiwa ya moto. Oili ikishazunguka na vyuma vikishatanuka, inaficha kelele zake na moshi wake. Iulize ikiwa baridi.

"Mbona la moto?" nikauliza.

"Jua hilo, mama," akasema mwenye gari. Jua lenyewe lilikuwa bado halijavuka ukuta.

"Basi zima. Tutasubiri lipoe."

Injinia akaruka. "Shemeji, unaniaibisha! Watu wana kazi zao!"

"Na mimi nimeacha yangu. Zima."

Tukakaa barazani. Mwenye gari akaanza kutoka jasho. Mara kuna mnunuzi mwingine yuko njiani na pesa mkononi. Mara amepata msiba wa ghafla. Nikampa pole, nikamwambia aende akazike, gari tutamlindia. Hakwenda. Injinia naye kila mara anagusa boneti, "Limeshapoa hili," huku mkono anaurudisha mbiombio.

Lilipopoa kweli, likapigwa stati. Likakohoa likanyamaza. Likapigwa tena, likakohoa. Safari ya tatu likashika, injini ikawa inagonga kama mtu aliyefungiwa stoo, na nyuma ukatoka moshi wa buluu, mzito, ukaenda moja kwa moja kwenye shuka zilizoanikwa uani.

Mama mzazi wa mwenye gari akatoka ndani mbio. "We mtoto! Shuka zangu! Leo unaliwashaje la baridi? Si huyu rafiki yako alikupigia simu alfajiri ulipashe moto kabla mteja hajafika?"

Kidole kilikuwa kinamwelekea Injinia. Mama wa watu, kamwaga mtama kwenye kuku wengi, wala hajui.

Mwenye gari akaanza kufuta kioo cha pembeni ambacho hakikuwa na vumbi. Mimi nikamtazama shemeji. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka kwa ujinga wake, kumbe hakuwa mjinga hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu. Siku cherehani yangu inaondoka, huyuhuyu ndiye aliyeshika upande mmoja tukaipakia, akanipa na pole.

"Aliniahidi kitu kidogo tu," akanong'ona.

"Kidogo. Haya."

Nikachukua mkoba wangu, nikatoka. Akanifuata mpaka barabarani.

"Shemeji, nakuomba, nipo chini ya miguu yako. Dada yako asijue."

"Mimi simwambii."

Akashusha pumzi. Akaanza hata kunishukuru, eti damu nzito kuliko maji.

"Utamwambia wewe, kwa mdomo wako," nikasema. "Leo hii, mimi nikiwa nimekaa palepale. Tangulia, nyumbani kwako unakujua."