Mhubiri Chini ya Gari

Ijumaa moja, waumini wakitoka msikitini katika mtaa wa Bwiza, mlokole mmoja aitwaye Dieudonné alisimama barabarani na kipaza sauti. Alikuwa ametoka kwao, mtaa wa Gasenyi, kwa miguu, amevaa suti nyeusi na viatu vya kung'aa. Alianza kwa Injili, lakini haukupita muda akawa anamtukana Mtume.

Jiwe la kwanza lilipasua kipaza sauti. La pili likampata begani, la tatu shingoni. Dieudonné akatimua mbio, vijana nyuma yake, na katika msukumano ule wakapindua meza ya Nsimire, mama Mkongomani aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwani, kando ya barabara.

"Na huyu ni Mkristo mwenzake!" mmoja alipiga kelele, na ndagala zikakanyagwa matopeni.

Mzee Hamimu, fundi wa magari, alikuwa bado hajavua kanzu yake Dieudonné alipojitupa ndani ya garaje. Matusi yale alikuwa ameyasikia, na yalimchoma. Lakini aliona damu kwenye kola ya mgeni, akamrushia ovaroli kuukuu.

"Vaa. Ingia chini ya gari. Na ile sauti yako, leo uimeze."

Punde akaingia na wenzake Uthmani, kiongozi wa wale vijana, aliyelelewa na kufunzwa ufundi hapo hapo kwa Hamimu.

"Mzee, haujaona mutu amekimbilia huku?"

"Watu wanakimbia siku yote. Hii ni Bwiza." Hamimu akainama kwenye injini, na ili aonekane yuko kazini akaita, "We, nipe spana ya kumi na tatu!"

Mkono ukatoka chini ya gari, umeshika nyundo.

Uthmani akachungulia. "Mzee, fundi wako mupya amevaa viatu vya harusi."

Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. Alishika mguu mmoja, akaanza kuuvuta. Hamimu akasimama mbele yake.

"Muache. Alitukana, nilisikia na masikio yangu. Lakini ameingia kwangu. Ukitaka kumupiga, anza na mi."

Ngumi ya Uthmani ikabaki hewani. Angempigaje mtu aliyemlea? Wala hakutaka kurudi nyuma mbele ya wenzake. Hapo ndipo Nsimire alipoingia, kitenge kimejaa matope na ndagala.

"Apana kupigana! Mi naongea kwanza. We pasta, toka huko!"

Dieudonné akatambaa nje, uso mweusi kwa oili.

"Unakuja kutukana majirani yangu, kisha unarudi Gasenyi kulala. Mi nabaki nao! Siku nilishikwa na malaria, nani alinipeleka hospitali? Ni Fatouma, bibi ya huyu mzee. We ulikuwa wapi?" Kisha akageuka. "Na we, Uthmani! Ndagala zangu zilitukana nani?"

Garaje nzima ikaangua kicheko. Uthmani alijikaza, akauma mdomo, akashindwa.

"Mama Nsimire, pole sana."

"Pole haiingii mu sufuria. Mukaokote, nyinyi wawili!"

Wakaenda, wakachutama kandokando barabarani, watu wakiwatazama. Dieudonné, ovaroli ikimpwaya, aliokota moja moja.

"Nilikosea," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Yale maneno hayakuwa ya Mungu."

Uthmani aliangalia kiganja cha mwenzake. "Hiyo ni jani. Siyo ndagala."

Adhana ya alasiri ilipolia, walikuwa wamejaza beseni, na Nsimire, meza yake imesimamishwa tena mbele ya garaje, alikuwa anaziosha. Hamimu akatawadha, akamwita Dieudonné.

"Tunaenda kuswali. We ubaki unalinda garaje. Mutu akileta gari, umuambie angojee."

Uthmani alimtazama mzee wake kwa mshangao, kisha akatikisa kichwa, akamfuata msikitini.

Mteja akafika. "Asalaam aleikum, fundi!"

Dieudonné aliangalia kushoto na kulia.

"Waaleikum salaam, mzee. Ungojee kidogo, wenzangu wako mu swala."

Nsimire alicheka mpaka akashika meza isianguke tena.