Chokaa ya Nikodemu

Gervasi wa Simbo alikuwa mwashi hodari, hilo hatumnyimi. Ila ufundi mkuu wa hospitali ya mjini ulimvimbisha kichwa, na mwaka ule wa tisini na saba, wakimbizi wakiwa wameijaza hospitali mpaka varandani, kichwa chenyewe kilikuwa hakiingii kofia.

Hospitali iliamua kutoibomoa wodi ya wazazi ya zamani. Vigae vizima virudi juu, mbao nzuri zitumike tena, kuta za matofali ya udongo zipigwe lipu upya. Kwa nini utupe nyumba ambayo mifupa yake ni mizima? Lipu akapewa Nikodemu, mzee mwashi kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, mkimbizi wa kambini. Alikuwa na kibali cha kukaa mjini kwa kazi hiyo tu, na kibali hicho ndicho kilichomweka karibu na mkewe, Marsiana, aliyelazwa wodi ya kifua kikuu. Kila mchana alimpelekea uji. Gervasi alilijua hilo, maana alimwona akikatiza uwanja na bakuli lililofunikwa sahani.

Nikodemu alichimba shimo, akaloweka chokaa, akaifunika kwa magunia mabichi.

"Ilale miezi miwili," alisema. "Ukuta huu unahema. Ukiupaka saruji unauziba pua. Maji ya ndani yatatokea wapi?"

"We mzee, nusu ya Katubuka nimeijenga mimi," Gervasi akamjibu. "Usinifundishe ukuta."

Wageni wa ukaguzi walikuwa waje Ijumaa, naye alitaka waone kazi iliyokwisha. Basi siku Nikodemu alipokwenda kambini kuhuisha kibali, Gervasi akakoroga saruji, akaupiga ukuta mzima wa nyuma kwa mkono wake mwenyewe. Ukapendeza, kweli. Wageni wakausifu, na kwa jinsi wagonjwa walivyobanana, vitanda vikaingizwa upande ule mara moja.

Wiki tatu baadaye masika ikakaza, ukuta ukaanza kutoka jasho. Asubuhi moja bamba la lipu, pana kama mlango, likaanguka juu ya kitanda. Mwenye kitanda alikuwa ametoka punde tu kwenda kumwogesha mwanawe.

Sista Eufrasia, muuguzi mkuu, aliwaita mafundi wote. "Nani aliupiga ukuta huu?"

Gervasi, mtu mzima, baba wa watoto wanne, akasema, "Lipu ilikuwa kazi ya huyu mkimbizi."

Nikodemu alimtazama. Akafungua mdomo, akaona mafundi wenzake wote wameinamisha macho, akaufunga. Nani angemsikiliza yeye mbele ya fundi mkuu? Jioni ile kibali kikachukuliwa, na kesho yake akapandishwa lori la kambini.

Kila asubuhi Gervasi alijiambia leo nitasema, na kila asubuhi akashika mwiko, akajitia hamnazo. Zikapita siku nane. Siku ya tisa akatokea mwanamke mwembamba, khanga imefunika mdomo, akitembea kwa kushika ukuta.

"Wewe ndiye fundi Gervasi? Mimi mke wa Nikodemu. Ameacha maneno. Magunia ya shimoni uyamwagie maji kila siku, na chokaa usiifunue kabla ya mwisho wa mwezi, haijaiva." Akapumzika kidogo, akakohoa. "Na mimi nilitaka nikushukuru. Ulimpa kazi, nikapata kumwona kila siku. Ameniambia tu kazi yake imekwisha."

Aibu ilimpanda Gervasi mpaka masikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimwangalia akirudi polepole wodini, kisha akauacha mwiko palepale, akaenda ofisini kwa Sista.

"Saruji niliipiga mimi. Mzee alinikataza."

Sista Eufrasia akavuta karatasi. "Barua ya kibali nitaiandika leo, ingawa huko kambini wanaweza kuikalia hata mwezi. Na Marsiana nani atamwambia?"

"Mimi, Sista."

Mchana ule Gervasi alikatiza uwanja na bakuli la uji lililofunikwa sahani. Mafundi wakaacha kazi, wakamtazama. Marsiana alipomwona akajikongoja kuinuka, akampisha mahali pa kukaa.

"Mungu akubariki, baba," akasema, naye Gervasi alikuwa bado hajafungua mdomo.